Kunde za Upande wa Pili wa Ukuta

Mwanangu Rajabu,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanaopanda kunde ndefu nyumbani ni kula maganda ya kwanza. Wanayasubiri kwa hamu, yanafika, wanayachuma yote yangali laini, wanapika, wanasifiana. Wanaendelea hivyo mpaka mmea umechoka na majani yamegeuka njano, ndipo wanakumbuka kwamba watahitaji mbegu. Wanainama kuokota vile viganda vifupi vilivyopinda, vilivyosahaulika karibu na ardhi. Mwaka unaofuata wanashangaa kuona kunde zao zimechelewa na zimekuwa fupi. Wanalaumu mvua, wanalaumu udongo, wanalaumu jicho la jirani. Kumbe wamekula zilizo bora wakapanda mabaki.

Kosa hilo mimi sikulifanya kamwe, na wewe unajua. Umekulia kwenye bustani ambamo ganda la kwanza la kila shina hufungwa uzi mwekundu na haliguswi na mtu, hata kama jikoni hakuna mboga. Kosa langu lilikuwa jingine, na ndilo limenifanya nikuandikie badala ya kukueleza kwa mdomo. Kwa mdomo ungecheka kabla sijafika katikati, na baba yako angekusaidia kucheka.

Basi nianze na habari mbaya. Kopo la mbegu nililokuahidi halitaingia kwenye begi lako. Nimelifungua leo asubuhi, ulipotoka kwenda kuwaaga rafiki zako, nikitaka kukupimia. Karibu mbegu zote zimebunguliwa. Juu kuna unga, chini kuna wadudu, na zile chache zilizosalimika na wadudu zina ukungu. Nimezimwaga kwenye ungo nikazipepeta, nikatafuta hata moja isiyo na tundu wala ukungu. Hakuna. Kunde ambazo bibi yako alinipa nilipoolewa, ambazo yeye alipewa na mama yake, nyumbani kwetu hapa Nzuguni zimekwisha, na mvua iko karibu, na wewe unaondoka kesho alfajiri.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kuswali, wala kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na kituo cha afya unachokwenda kufanyia kazi huko mbele ya Mvumi kitakuwa na wakubwa wa kukuambia mengine. Nataka kukueleza kunde, na jinsi zilivyotoka mikononi mwangu.

Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Baba yako akirudi kutoka karakana Kizota akanikuta nimesimama bustanini natazama, huuliza, "Mwalimu, leo nani mtuhumiwa? Mbuzi au mtu?" Nami husema, "Wote, mpaka ithibitike." Si kwamba napenda. Miaka yote niliyofundisha biolojia nimewaambia wanafunzi wasiamini wanachoambiwa na mmea mpaka wameuchunguza, na mwalimu akisema jambo mara nyingi mno mwishowe humwingia mwenyewe.

Kwenye bustani, kushuku kumenisaidia. Hebu nikueleze mambo machache, maana huko uendako utayahitaji.

Ishuku mvua ya kwanza. Hapa kwetu mvua ya kwanza ni ya kuonja tu. Inanyesha jioni moja, inazima vumbi, ardhi inanukia vizuri, na kila mtu anakimbilia jembe. Kisha mbingu inafunga. Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba hii nilipanda siku hiyohiyo. Miche iliota, ikasimama kama watoto wa shule mstarini, ikakauka ikiwa imesimama. Subiri mpaka udongo uwe na unyevu kwenye kina cha kidole chako kizima, na hapo napo panda nusu tu. Nusu nyingine ibaki ndani, itapandwa mbingu ikithibitisha.

Lishuku jani linalonyauka mchana. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinijia mbio saa saba, "Mama, kunde zinakufa!" na kikombe cha maji mkononi. Hazikuwa zinakufa. Mmea unakunja majani ili jua lisiupige kifuani, kama mtu anavyovuta mtandio usoni. Utazame tena jioni. Ukikuta bado umenyauka jua likiwa limezama, hapo ndipo una kiu kweli. Watu wengi huzamisha kunde zao kwa huruma ya mchana, na maji yetu haya ya kusubiri bombani si ya kumwagwa kwa huruma.

Ishuku pia mbolea nyingi. Hili lilinigharimu msimu mzima. Nilipata samadi nzuri ya ng'ombe kutoka kwa Mgogo mmoja mfugaji, nikaitandaza kwa ukarimu. Kunde zilipanda zikafunika ukuta, majani mapana kama kiganja, na wapita njia wakasimama kuzisifu. Hazikutoa ganda la maana. Kunde hujitengenezea chakula chake yenyewe mizizini. Ukiishibisha kupita kiasi haioni sababu ya kuzaa.

Na ushuku msaada wa baba yako. Aliwahi kunichomelea kichanja cha nondo kule karakana, akakileta kwenye bajaji, akakisimamisha kwa fahari. "Hiki hata tembo hakiangushi," alisema. Tembo hakuja. Lilikuja jua, nondo zikawaka, na kila mtambaa wa kunde uliojizungusha juu yake uliungua pale ulipogusa. Ndiyo maana mpaka leo natumia fito na kamba ya katani. Kile kichanja tunaanikia nguo, nacho ni kizuri sana kwa nguo.

Nilishuku hata pakiti za dukani. Nilinunua moja yenye picha ya kunde ndefu, nikapanda, zikaota kunde fupi za kutambaa chini. Nilirudi na picha yangu. Muuzaji akaitazama, akanitazama. "Mama, mimi nauza mbegu, sichori picha." Hakuwa amenitukana, na hakuwa amenijibu. Tangu siku hiyo nilijiambia kwamba kunde za kweli ni zile zangu tu, na lazima nizilinde.

Hapo, mwanangu, ndipo nilipoanza kukosea.

Kunde zetu unazijua kwa macho, lakini nitakuandikia alama zake, ili usidanganywe siku moja. Ganda likikomaa kwa kuliwa lina urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, ni jembamba, la kijani kilichofifia, na ncha yake ina zambarau kidogo kama imechovywa kwenye wino. Mbegu ni ya rangi ya tofali, na jicho lake ni jeupe lenye pete nyeusi. Bibi yako alisema mama wa bibi yake alikuja nazo bara katika misafara ya biashara, amezifunga kwenye pindo la nguo, na mumewe alipoamua kukaa Dodoma badala ya kurudi pwani, yeye alichimba ardhi kabla ya kufungua mizigo. Siwezi kuthibitisha habari hiyo. Ninachoweza kuthibitisha ni upishi, kwa sababu upishi umebaki na alama ya safari. Kule walikotoka walizipika kwa nazi. Walipofika huku nazi haikuwepo, karanga zilikuwepo, wakabadilisha.

Nawe utapika hivi, kwa maana siwaamini watakaokupikia. Chuma maganda wakati mbegu ndani hazijatokeza. Ukipitisha vidole juu ya ganda iwe kama huhisi kitu. Livunje, lilie. Lisipolia limeshapita. Kata vipande vya urefu wa kidole. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti mpaka kilainike bila kuungua, weka nyanya, ikishayeyuka weka kunde na chumvi, funika, punguza moto, usitie maji. Zitatoa maji yake zenyewe. Ukisikia sufuria imeanza kunyamaza, mimina karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa maji ya vuguvugu, na kuanzia hapo usifunike na usiondoke. Koroga polepole upande mmoja. Karanga ukiziacha peke yake dakika chache zinashika chini na hazisahau.

Usitie magadi. Mimi nilitia, mwaka ule wageni wa baba yako walipochelewa kuondoka na mimi nilikuwa na haraka. Kunde zikawa za kijani kinachong'aa, za kupendeza kweli, na ukizitafuna zikawa kama mlenda wenye nyuzi. Bibi yako alikuwepo. Alimeza tonge moja, akaweka mkono juu ya sahani, akaniuliza, "Hizi umezipika au umezifua?"

Sasa nije kwenye ukuta.

Mama Neema alipohamia nyumba ya pili, akitokea Songea na kazi yake ya wizarani, tuliishi vizuri. Nilimwona mtu wa ofisi, mwenye gari la kumpeleka na kumrudisha, nikadhani ardhi haimhusu. Kisha nikaugua. Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Nililazwa hospitali majuma kadhaa, na nyumbani mlibaki wawili ambao hakuna hata mmoja aliyejua kuwasha jiko la mkaa. Niliporudi niliwakuta mmenenepa. Nikauliza nani alikuwa anapika. Baba yako akasema, "Jirani." Nikashukuru, nikatoka kwenda bustanini, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba shina la kona, lile lililotangulia mengine yote kuzaa, halikuwa na ganda lake la uzi mwekundu. Niliuliza. Baba yako alisema labda panya. Wewe ulisema, "Labda ndege, Mama." Ndege anayefungua uzi! Nilikuwa bado sina nguvu za kuwahoji, lakini niliweka moyoni.

Msimu uliofuata, juu ya ukuta wa Mama Neema, kikachungulia kijiti chenye mtambaa, na kwenye mtambaa kukaning'inia ganda refu lenye ncha ya zambarau.

Hukuwepo siku hiyo, ulikuwa shule. Nilikwenda getini kwake nikiwa na khanga za ndani, sikusubiri hata kubadili.

"Mama Neema, hizo kunde umezitoa wapi?"

"Shikamoo kwanza, Mwalimu."

"Marahaba. Kunde."

Akacheka. "Nimepewa."

"Na nani?"

"Aliyenipa amenisihi nisimtaje. Nimeshaahidi, Mwalimu, nisamehe tu. Karibu ndani, chai iko mezani."

Ningeingia, jambo lingeisha. Mimi nikasimama palepale nikasema, "Hata mwizi husema amepewa."

Cheko likaisha usoni mwake. Hakupaza sauti. Alisema, "Basi, Mwalimu," akarudishia geti polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Tangu hapo tukikutana ananiamkia kama anavyoamkiwa mkubwa wa ofisi. Maneno yote yapo, yeye hayupo. Mwanamke aliyewalisha mume wangu na mwanangu, nami nimeishi ukuta mmoja naye hivyo miaka hii yote.

Nawe ulikuwa ukija likizo ukiona hatusemezani, hukuuliza sababu. Hilo nalo niliweka moyoni.

Baada ya siku hiyo nikaanza kuzificha mbegu zangu. Unakumbuka zamani tulivyozianika uani kwenye mkeka, siku baada ya siku, wewe ukifukuza kuku? Niliacha. Niliona uani pana macho. Nikaanza kuzianika ndani, chini ya kitanda changu, kwenye giza, zikatoka pale nikiziita kavu kwa sababu nilitaka ziwe kavu. Kipimo ninakijua, nimekifundisha: tia mbegu kati ya meno, ing'ate, ikipasuka imekauka, jino likiacha alama bado ina maji. Misimu ya mwanzo ziliponea chupuchupu. Msimu huu wa mwisho sikuuma hata moja. Nilikuwa na haraka ya kuziba kopo kabla mtu hajajua lilipo. Nikaliziba kwa nailoni na mpira, nikalisukuma nyuma ya sanduku la nguo, na humo ndani unyevu na wadudu wakafanya kazi yao bila bughudha. Hakuna mtu aliyeniibia, Rajabu. Hakuna aliyejua hata kopo liko wapi. Nililinda vizuri kabisa.

Kuna jambo moja zaidi. Juma lililopita upepo ulinyakua ungo wangu uani ukaupeleka kwa Mama Neema. Nilipiga hodi, hakukuwa na mtu, geti lilikuwa limerudishiwa tu, nikaingia kuuchukua. Ulikuwa umeegemea fito zake za kunde za msimu uliopita. Nikainama, nikaona vifundo.

Nimekufundisha mimi kufunga kamba ya katani kwenye fito. Nilijitahidi uifunge kama mimi, lakini wewe ni wa mkono wa kushoto, na kamba yako daima huzunguka upande usio wake, na mwisho unaupitishia chini pale ambapo dunia nzima huupitishia juu. Bibi yako alikugombeza kwa mkono huo kwenye chakula, ila kwenye kamba alishindwa. Vifundo vya chini kabisa kwenye fito za Mama Neema, vile vya zamani vilivyopauka, ni vyako. Vya juu ni vipya, ni vya mtu wa kulia anayejaribu kuiga vya kushoto. Na kwenye bua moja kavu kulikuwa na uzi mwekundu uliofifia, umefungwa pale ambapo ganda la kwanza hukaa.

Kwa hiyo aliyempa hakumpa mbegu tu. Alimfundisha pia kuzitunza. Na hakumpa mabaki. Alimpa ganda la kwanza la shina lililotangulia.

Sikuulizi kama ni wewe. Ukisema ndiyo, itabidi nikugombeze habari ya shina la kona, na leo sina muda. Ukisema siyo, sitakuamini. Ila nimejua kwamba yule mama alitukanwa mwizi getini kwake akiwa na jibu mdomoni, akalimeza, kwa sababu alimwahidi mtoto wa kidato cha tatu. Na nimejua pia kwamba mtoto huyo alikuwa amelipa chakula alichopikiwa kwa kitu cha thamani kuliko vyote vilivyokuwamo nyumbani kwetu, bila kumwuliza mwenyewe, maana alijua mwenyewe angekataa.

Ningekataa, ndiyo. Na leo zisingekuwepo kokote.

Usidhani nimepona. Hata sasa ninavyoandika nina shaka. Nashuku huenda amezipanda karibu na zile fupi za sokoni. Kunde kwa kawaida hujichavusha zenyewe kabla ua halijafunguka sawasawa, lakini nyuki ni nyuki. Nashuku huenda alizila zote. Nashuku huenda akikuona atafunga geti, na hiyo itakuwa haki yake. Ukizipata, zilete nyumbani, zimwage kwenye sahani nyeupe mezani, tutazame jicho na pete, ung'ate moja mbele yangu. Nusu funga kwenye kitambaa uweke katikati ya nguo zako. Nusu niwekee kwenye kikombe cha dirishani. Nitazianika uani, kwenye mkeka, kuku wafukuzwe na baba yako.

La kwangu na Mama Neema nitalifanya mwenyewe, nitakuja nyuma yako nikishaswali alasiri, na utanisamehe nikikuomba usisimame kunisikiliza. Kuomba radhi ni kazi ngumu kwangu, sitaki kuifanya mbele ya mwanafunzi wangu.

Barua hii naiweka juu ya begi lako ili uione ukirudi, wakati bado kuna mwanga. Ukimaliza kuisoma usije kwanza jikoni kunitazama usoni. Leo, kabla ya magharibi, piga hodi kwa Mama Neema, mwamkie, mwombe kunde za mbegu kiganja kimoja, na usizikague mbele yake.